Mzizi wa Tatu

"Na kuna dawa yoyote unakunywa kwa sasa?" nesi aliuliza, kalamu yake ikisubiri juu ya kadi.

Kabla ya kujibu, Syombua alimtazama mumewe. Mbaluka alikuwa ameketi kando yake kwenye benchi la kliniki hiyo ndogo ya Tawa, amemshika mkono kwa kiganja chake kilichojaa makovu ya mabati. Alikuwa akicheka peke yake. Dakika tano hazikuwa zimepita tangu nesi aseme neno walilolisubiri kwa miaka minne, na mwanamume mzima, mfunga mifereji na matangi wa kutegemewa kuanzia Tawa mpaka Kanyangi, alikuwa amevua kofia akajipangusia machozi bila kuona haya.

"Hapana," Syombua alisema. "Sinywi dawa yoyote."

Nesi akaandika.

Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja, na kalamu ikapita. Syombua alihisi tumbo likimbana tena chini kabisa, pale pale palipokuwa pakimbana tangu Jumanne, na safari hii hakufurahi.

Kwa maana ukweli ni kwamba alikuwa amefurahi. Maumivu yalipoanza, na tone la damu likaonekana siku ya Alhamisi, alijifungia chooni akamshukuru Mungu. Alidhani dawa ya mama yake imefanya kazi, na ile damu iliyokuwa ikimpotea miezi mitatu, wakati mwingine minne, hatimaye imeitika. Ni Mbaluka aliyemwona akishika tumbo wakati wa kupika, akakataa kabisa kusikia habari ya kungoja. Asubuhi hiyo ya Jumamosi aliacha kazi ya watu, akawasha pikapu, akamleta.

"Mimba ya miezi miwili, au inakaribia," nesi alisema. "Sasa sikilizeni vizuri. Hiyo damu kidogo inaweza kuwa si kitu, na inaweza kuwa kitu. Hapa sina mashine ya kuona ndani. Leo mama apumzike, asichote maji, asiinue chochote. Jumatatu mwende hospitali kubwa. Lakini damu ikiongezeka, msingoje Jumatatu."

"Hataguza hata kijiko," Mbaluka alisema. "Mimi ndiye nitapika."

"Wewe unajua kupika?"

"Nitajua leo."

Nesi alicheka. Syombua naye akajilazimisha kucheka, na kicheko chake kikawa chembamba mno.

Ndani ya pikapu Mbaluka aliongea njia nzima. Msichana wa kwanza angechukua jina la mama yake Mbaluka, hilo halikuwa na mjadala, ndiyo desturi. Wa pili angewaomba wazee wamkubalie aitwe Mwongeli. Akataja jina hilo polepole, kama kawaida yake.

Mwongeli alikuwa dada yake. Aliolewa Mwingi, akakaa miaka miwili bila mtoto, na mtu akamuuzia mizizi ya kusafisha tumbo. Macho yake yaligeuka manjano. Mbaluka ndiye aliyembeba mpaka hospitalini, na daktari alipomuuliza dada yake amekunywa nini, alisimama pale akatazama viatu vyake, kwa sababu hakuna aliyejua. Siku ya kumi na moja walimzika.

Ndiyo maana, kabla ya mbuzi wa ntheo kupelekwa kwao Syombua kule Kanyangi kutangaza kwamba amechumbiwa, Mbaluka alimwomba ahadi moja tu. Hakumtaka aahidi kupika, wala kumtii mama mkwe, wala kuacha kazi ya ushonaji. "Niahidi hutawahi kunywa kitu kisichojulikana jina," alimwambia. Syombua aliahidi bila kufikiria. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na tisa, na ahadi hiyo aliiona nyepesi kama kuahidi kutokula mchanga.

Lakini miaka minne ni mingi. Daktari alimwambia ni homoni hazijapangika, akampa tembe. Tembe zikamfanya atapike kila asubuhi na kunenepa uso, akazimeza miezi mitano kisha akaziacha. Mama mkwe hakumsema hata siku moja. Alimtazama tu tumbo kila Jumapili kanisani, kwa upole, na upole huo ulimchoma Syombua kuliko matusi. Mama yake mzazi, Mutindi, alipomwambia kuna mizizi ambayo yeye mwenyewe alikunywa kabla ya kumzaa, Syombua angemkatalia vipi? Si yeye mwenyewe alikuwa ushahidi, amesimama pale na miguu miwili?

Basi akawa anainywa kibandani kwake sokoni, kutoka kwenye chupa ya chai iliyokaa nyuma ya vitambaa vya sare za shule. Wateja walidhani fundi wao anapenda chai ya rangi. Wiki ya nne, damu ilipokataa kuja, alimpigia mama yake simu. "Ikichelewa, ongeza," mama alisema. Akaongeza. Asubuhi kikombe, jioni kikombe.

Sasa alihesabu vidole vyake juu ya mapaja, huku Mbaluka akiimba pambio la kanisani na kukosea maneno. Wiki sita za dawa, wiki nane za mimba. Kila kikombe alichokunywa ili damu ije kilikuwa kimemshukia mtoto ambaye ndiye hasa alikuwa akimtafuta.

Nitamwambia tukifika, alijisemea. Nitamketisha nimwambie. Aliyapanga maneno, akayapangua, akayapanga upya. Alikuwa bado anayapanga pikapu ilipokata kona ya kuingia kwao, na harufu ikamfikia kupitia dirishani.

Alijua ni nini kabla hajaona moshi. Ilikuwa chungu na nzito, harufu ya udongo na ganda lililochemka sana. Ilitoka jikoni kwake, kile kijumba cha matofali kilichojitenga na nyumba, na mlangoni paliegemea kiondo alichokifahamu.

Mama yake alikuwa amekuja bila kusema.

Mbaluka naye alikiona kiondo. Alizima gari haraka, akashuka, akazunguka upande wa pili wa tangi la maji, akakohoa mara mbili. Hiyo ilikuwa heshima yake. Kwa Wakamba mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, haketi alipoketi, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo. Wanaiita nthoni. Wachungaji wengine huwaambia watu waiache, lakini Mbaluka na Mutindi walikuwa wameishika miaka yote minne bila kosa, na kusema kweli ilikuwa imewafaa, maana hawakuwahi kugombana. Alimjua mama mkwe wake kwa mgongo na kwa sauti.

"Mama amekuja," alisema kwa furaha, mgongo wake ukielekea jikoni. "Mungu amemleta siku nzuri. Nenda umpe habari. Mimi nita..."

Pua yake ilitanuka. Syombua aliona furaha ikimtoka usoni kidogo kidogo, kuanzia machoni.

"Syombua, ni nini kinachemka?"

"Ni mama anapika chai."

"Hiyo si chai."

Kabla hajapata la kusema, sauti ya Mutindi ikatoka jikoni, changamfu kabisa. "Syombua, ni wewe? Njoo unywe ikiwa moto. Hii ya leo nimeitia nguvu, damu yako lazima ifunguke."

Kisha, labda kwa kusikia kimya, Mutindi aliinama akachungulia mlangoni, akaona viatu vya mkwewe chini ya tangi. Akarudi ndani upesi. Kuku walisikika wakichakura majani nyuma ya nyumba.

"Muulize mama ni dawa gani," Mbaluka alisema. Hakugeuka.

"Mbaluka, niache nikueleze mimi mwenyewe."

"Muulize."

Syombua alisimama katikati ya uwanja, hatua sita kutoka kwa mumewe na hatua sita kutoka jikoni. "Mwaitu," alimwita mama yake, "Mbaluka anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie ni mambo ya wanawake."

Hakuhitaji kumwambia. Mbaluka alisikia kila neno, lakini alingoja mkewe ayarudie, kama inavyopasa, na Syombua akayarudia.

"Mwambie mama, mambo ya mke wangu ni mambo yangu."

"Anasema..."

"Mwambie basi ni ya homoni. Ya kupanga damu yake ili apate mtoto. Mwambie hakuna mtu anataka mabaya hapa."

"Mwambie mama," Mbaluka alisema, na sauti yake ikakwaruza, "kwamba huyo mtoto tayari yuko. Tumeambiwa leo kliniki. Ana miezi miwili."

Kitu cha bati kilianguka jikoni, kikabingirika, kikatulia. Mutindi aliposema tena, hakuwa akiongea na mkwewe.

"Syombua. Ni kweli?"

"Ni kweli, mwaitu."

"Na umekuwa ukiinywa?"

"Kila siku. Mara mbili. Si ulisema ikichelewa niongeze?"

"Ngai wakwa, Mungu wangu," Mutindi alisema polepole. "Mimi nilifikiria imechelewa tu."

Mbaluka alikuwa ameweka mkono juu ya tangi, kana kwamba tangi ndilo lililohitaji kushikiliwa. "Kwa muda gani?" aliuliza, na safari hii alikuwa akimuuliza mkewe.

"Wiki sita."

"Wiki sita. Ulikuwa unainywa hapa nyumbani?"

"Kibandani. Kwenye chupa ya chai."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. "Nesi amekuuliza leo," alisema. "Amekuuliza nikiwa nimekushika mkono."

Syombua angeambiwa achague, angechagua apigiwe kelele, atukanwe, aambiwe maneno ya kumkera naye apate kukasirika. Mbaluka hakumpa nafasi hiyo. Alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa gari, akaanza kutembea kuelekea kwenye pikapu, na Syombua akajua kwa mwili wake wote kwamba akifungua mlango ule na kuondoka, atakayerudi hatakuwa mume wake tena. Atarudi na wazee, atarudi na maneno ya heshima, na yeye atarudishwa Kanyangi na cherehani yake.

Alitaka kumwita. Maumivu ndiyo yaliyomtangulia. Safari hii hayakubana, yalikata. Aliinama, akatafuta jiwe la kufulia, akaketi, na alipotazama chini aliona sketi yake imelowa mahali ambapo haikupaswa kulowa.

"Mbaluka," alisema. Ilikuwa sauti ndogo sana.

Aligeuka. Akaona.

Kilichofuata Syombua hakukitazamia, na nina hakika hata Mbaluka mwenyewe hakuwa amekipanga. Hakumkimbilia yeye. Alivuka uwanja kwa hatua kubwa, akainamisha kichwa, akaingia jikoni alimokuwa mama mkwe wake.

Kutoka pale kwenye jiwe, Syombua aliwaona wote wawili mlangoni. Mutindi alijivuta mpaka ukutani, akajifunika uso kwa leso.

"Mama," Mbaluka alisema. "Nitazame."

"Mbaluka, baba, nthoni..."

"Mbuzi wa kosa nitaleta. Wacha leso, unitazame. Umetia nini humo?"

Leso ikashuka. Miaka minne, na hiyo ndiyo siku ya kwanza Mbaluka kuyaona macho ya mwanamke aliyemzaa mkewe. Yalikuwa macho ya Syombua, ila yamezeeka, na yalikuwa yamejaa hofu.

"Mizizi mitatu," Mutindi alisema.

"Majina."

"Wa kwanza ni muthigiu, ule watu wanatia kwa supu. Wa pili nachimba mwenyewe huko kwetu, mama yangu alinionyesha nikiwa msichana. Hiyo miwili ndiyo nilikunywa mimi."

"Na wa tatu?"

"Wa tatu nilinunua Mwingi, siku ya soko la mbuzi. Mama mmoja aliniambia nikiongeza huo, hata mwezi hautaisha."

"Unaitwaje?"

"Sijui."

"Mama."

"Sijui, mwanangu. Ulikuwa umeshamenywa na kukatwa. Sikuuliza. Nilikuwa nataka mjukuu, sikuuliza."

Syombua alisikia neno hilo likitua. Sijui. Ndilo neno pekee ambalo Mbaluka alikuwa nalo mbele ya daktari wa dada yake. Alidhani sasa ndipo atapasuka. Badala yake Mbaluka aliinama juu ya moto, akashika sufuria kwa mikono mitupu, akaimwaga nje ya mlango. Maji meusi yakakimbia chini ya kuku. Akapiga magoti, akaanza kuokota mizizi ikiwa bado inatoa mvuke, mmoja mmoja, bila kuacha hata kijiti.

"Utaungua," Mutindi alisema.

"Lete leso."

Akampa. Mkwe na mama mkwe, wakiwa magotini kwenye tope moja, wakafunga mizizi ndani ya leso, na mikono yao ikagusana bila mmoja wao kuuvuta wake.

Mbaluka alimbeba mkewe mpaka kwenye pikapu. Ilikuwa na kiti kimoja tu cha mbele, kirefu, na nyuma kulikuwa na mabati. Mutindi alikuwa tayari amepandisha mguu mmoja nyuma.

"Mama, ingia mbele."

"Nitakaa huku, usijali."

"Ingia mbele. Daktari akiuliza, wewe ndiye utajibu."

Basi wakakaa watatu, Syombua katikati kama ukuta, kichwa kwenye bega la mama yake na goti likigusa mkono wa mumewe kila alipobadilisha gia. Barabara ya kwenda hospitali kubwa ilikuwa na makorongo, na Mbaluka, ambaye kwa kawaida huendesha kama mtu aliyeibiwa, aliyazunguka yote moja baada ya jingine. Vidole vyake juu ya usukani vilikuwa vimeanza kuvimba malengelenge.

Syombua alifunga macho.

"Ongea," Mbaluka alisema ghafla.

"Niseme nini?"

"Chochote. Ukinyamaza naogopa."

Hilo lilimuumiza kuliko maumivu yenyewe. Akaongea. Alimwambia juu ya tembe, na Jumapili, na mama mkwe, na jinsi alivyokuwa akishona sare za watoto wa watu, akipima mabega madogo na kuyashika kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Alimwambia kwamba kila mwezi uliopita bila kitu, alimwona akizidi kuwa mpole kwake, na upole huo ulimtisha.

"Niliogopa utachoka na mimi," alisema.

"Nilichoka siku gani?"

"Hukuchoka. Niliogopa tu."

"Ungeniambia."

"Ungekataa nisinywe."

"Ndiyo, ningekataa," Mbaluka alisema, macho barabarani. "Halafu ungekuwa na mtu wa kukasirikia, na mimi ningekuwa na mke ambaye hanidanganyi."

Mutindi aligeuza uso dirishani, akalia bila sauti.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana wa Mwingi, Salama, amejifunga mtandio wa kijani, na alikuwa mtu wa maneno machache. Aliifungua leso juu ya meza, akaitenganisha mizizi kwa kibano. Alimsikiliza Mutindi mpaka mwisho bila kumkatiza wala kumkaripia, jambo ambalo Mutindi alilistahimili kwa shida.

"Huu ninaujua," alisema. "Huu nimewahi kuuona. Huu siujui."

"Ina maana gani?" Mbaluka aliuliza.

"Ina maana siujui. Nitatoa damu nipime ini na figo, na tutamwangalia mtoto sasa hivi. Nani anaingia naye?"

Mutindi akarudi nyuma hatua moja. Syombua, akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, aliona kwamba Mbaluka anafikiria, na ule muda mfupi wa kufikiria ulimfanya baridi ya vidole ipande mpaka mabegani. Kisha akaja.

Chumba kilikuwa na giza la mapazia. Daktari alimpaka kitu cha baridi tumboni, akaanza kusogeza kifaa huku na huku, akitazama kioo ambacho Syombua hakukiona vizuri kutoka alipolala. Alisogeza, akasimama, akabonyeza, akasogeza tena. Syombua alimtazama daktari usoni akitafuta ishara, na uso wa daktari haukumpa kitu. Akamtazama mumewe, na usoni mwa Mbaluka aliona woga ambao hakuwahi kuuona kwake, hata siku alipoanguka kutoka juu ya paa la shule akavunjika mkono. Aliomba kimoyomoyo. Hakuomba asamehewe. Aliomba daktari aseme kitu, hata kibaya, ilimradi aseme.

"Pale," daktari alisema.

Akakigeuza kioo. Kulikuwa na weusi, na ndani ya weusi kulikuwa na kitu kidogo kama maharagwe, na ndani ya kitu hicho kulikuwa na nukta iliyokuwa ikipepesa, ikipepesa, ikipepesa, kwa haraka ya ajabu.

"Ni moyo," daktari alisema. "Unapiga. Lakini sitawadanganya. Damu bado inatoka, na huo mzizi sijui umefanya nini, au kama umefanya kitu chochote. Pengine haya yangetokea hata bila dawa. Nalaza mama hapa. Wiki mbili ndizo zitatuambia. Leo naweza kusema la leo tu."

Alipotoka kwenda kushughulikia damu ya kupimwa, walibaki wawili. Kioo kilikuwa kimezimwa. Mbaluka alivuta kiti cha plastiki, akaketi, akaviweka vidole vyake vilivyoungua juu ya magoti. Nesi mmoja alikuwa ametaka kuvifunga, naye akamwambia baadaye.

"Nilipoisikia ile harufu," alisema, "nilikuona umelala pale alipolala Mwongeli. Nilikuona kabisa."

"Nisamehe."

"Kuna kitu kingine unanificha?"

"Hakuna."

Alimtazama. Jana angeitikia hata kabla Syombua hajamaliza kusema. Sasa alimtazama muda mrefu, akitafuta kitu usoni pake, na Syombua akavumilia kutafutwa huko bila kugeuza macho, ingawa kulimtia hofu iliyopita hofu zote za siku hiyo. Mtoto alikuwa na wiki mbili za kungojewa. Hili hakuna daktari angelitajia wiki.

"Sawa," Mbaluka alisema hatimaye.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ukumbini Mutindi alikuwa ameketi kwenye benchi peke yake, bila leso, akiongea na Mungu kwa Kikamba.

"Utanirudisha Kanyangi?" Syombua aliuliza. Alikuwa amelibeba swali hilo tangu uwanjani na hakuweza tena kulibeba.

"Kanyangi ukafanye nini?"

"Mbaluka, usinifanyie mzaha."

"Sina mzaha. Nimekasirika, Syombua. Nimekasirika sana, sijui itaisha lini, labda mtoto huyu aote meno kwanza." Alisimama, akakisukuma kiti kando kwa goti. "Lakini nitakasirikia hapa hapa. Sogea kidogo, hiki kiti kinaniumiza mgongo."

Syombua akasogea.